Jenereta ya kuchomelea vyuma: Hesabu ambazo fundi wa Mlima Kenya hana budi kuzifanya

UMEME unapokatika mjini Karatina au Nanyuki, haipiti dakika nyingi kabla ya mngurumo wa jenereta kusikika katika mitaa ya jua kali. Lango la mteja haliwezi kungoja, na fundi aliyekwisha kupokea malipo ya awali hana budi kutafuta njia ya kuendelea na kazi.

Hata hivyo, kuendesha mashine ya kuchomelea vyuma kwa jenereta si sawa na kuwasha taa au kuchaji simu. Mashine hiyo ni miongoni mwa mizigo mizito kabisa inayoweza kutwikwa jenereta ndogo. Fundi asiyepiga hesabu huishia kuunguza altaneta, kuua mashine ya kuchomelea, au kupoteza vyote viwili kwa siku moja.

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Nambari iliyoandikwa kwenye kibandiko cha jenereta ni ya mahali palipo karibu na usawa wa bahari. Nyeri hakuko katika usawa wa bahari.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kulinganisha jenereta na mashine, namna mwinuko unavyopunguza nguvu za injini, na hatari ambazo zimekuwa zikichukuliwa kama mzaha.

Kwa nini jenereta?

Ni kinaya kwamba maji yanayotiririka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua ndiyo yanayojaza mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere katika Mto Tana, ilhali mafundi wanaoishi karibu na vyanzo vya mito hiyo hulazimika kununua petroli ili wapate umeme.

Wenye umri mkubwa wanakumbuka mgao wa umeme wa mwaka wa 2000, wakati ukame ulipopunguza maji katika mabwawa hayo. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na kusababisha giza nchini kote kwa zaidi ya saa tatu. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

Lakini kukatika kwa umeme si sababu ya pekee. Kazi nyingi za fundi wa eneo hili haziko karakanani. Mkulima wa Kieni hutaka nguzo za tangi la maji ziunganishwe shambani. Trela huvunjika katikati ya shamba la ngano karibu na Timau. Ranchi za Laikipia huwa na malango yaliyo kilomita nyingi kutoka waya wa umeme ulio karibu. Mteja wa namna hiyo hampi kazi fundi asiyeweza kufika na umeme wake mwenyewe.

Mashine huhitaji nguvu kiasi gani?

Kinachoyeyusha chuma ni moto wa umeme unaoruka kati ya ncha ya rodi na chuma chenyewe. Volti za moto huo ni chache, kati ya 22 na 26 kwa kazi za kawaida, lakini mkondo wake ni mkubwa mno.

Rodi ya milimita 2.5, ambayo hutumika sana kwa madirisha na milango, huchomwa kwa ampea zipatazo 80. Rodi ya milimita 3.2, ya malango mazito na trela, huhitaji takriban ampea 120.

Kwa ampea 80, moto wenyewe hutumia karibu kilowati 1.9. Kwa ampea 120, hufikia kilowati 3. Hizo ni nguvu zinazofika kwenye chuma. Mashine nayo hupoteza sehemu ya umeme kama joto, hivyo jenereta hulazimika kutoa zaidi. Inverta ya kawaida, ile mashine nyepesi inayobebwa kwa mkanda begani, itahitaji karibu kilowati 2.3 kwa rodi ya milimita 2.5, na kilowati 3.7 kwa rodi ya milimita 3.2.

Hapo ndipo wengi wanapokomea katika hesabu zao, na hapo ndipo kosa linapoanzia.

Kilowati na kVA

Mashine ya kuchomelea huvuta mkondo mwingi kuliko ule unaogeuka kuwa kazi. Mfano wake ni ndoo ya maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi: ndoo imejaa hadi ukingoni, lakini sehemu ya juu ni povu. Maziwa ni kilowati, nayo ndoo nzima, pamoja na povu lake, ni kilovolti-ampea, ambazo kwenye kibandiko huandikwa kVA.

Injini ya jenereta hubeba maziwa peke yake. Altaneta, yaani sehemu inayozalisha umeme, hubeba ndoo nzima. Ndiyo maana injini inaweza kunguruma bila kuonyesha dalili ya kulemewa ilhali nyaya za altaneta zinaungua polepole.

Kwa inverta ya bei nafuu, kilowati 2.3 za rodi ya milimita 2.5 huwa karibu kVA 3.6, sawa na ampea 15 kutoka kwa jenereta ya volti 240. Rodi ya milimita 3.2 hufikisha kVA 5.7, au ampea 24 hivi.

Mashine kubwa za transfoma, zile nzito ambazo mafundi wengi wa jua kali huziunda wenyewe kwa kusokota nyaya za shaba, ni ghali zaidi kwa jenereta. Njia rahisi ya kukadiria mzigo wake ni kuzidisha volti zinazopimwa kwenye mashine kabla ya rodi kugusa chuma kwa ampea za kazi. Mashine yenye volti 60, ikichoma kwa ampea 120, itadai takriban kVA 7.2 au ampea 30. Hakuna soketi ya kawaida ya ampea 13 inayoweza kustahimili mzigo huo.

Isitoshe, vibandiko vingi vya jenereta huwa na nambari mbili. Iliyo kubwa, ambayo ndiyo hupigiwa debe dukani, ni upeo wa dakika chache. Iliyo ndogo ni kiwango cha kudumu. Hesabu zote zifanywe kwa iliyo ndogo.

Mwinuko hula nguvu

Injini hupumua kama binadamu. Kadiri inavyopandishwa mlimani, ndivyo hewa inavyopungua uzito, na ndivyo petroli inavyokosa hewa ya kutosha kuungua. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko.

Mji wa Embu uko katika mwinuko wa karibu mita 1,350. Nyeri ni takriban mita 1,750, na Nanyuki karibu mita 1,950.

Kwa kanuni hiyo, jenereta ya kilowati 5 inayofanya kazi kikamilifu Mombasa itatoa karibu kilowati 4.2 ikiwa Embu, kilowati 4 ikiwa Nyeri na chini ya kilowati 3.9 ikiwa Nanyuki. Fundi wa Nanyuki amelipia kilowati 5, lakini zaidi ya moja kati ya hizo ilibaki njiani.

Upungufu huo huandamana na tatizo la kabureta. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, mchanganyiko unaoingia ndani ya injini huwa na petroli kupita kiasi. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi ya injini iliyojaa masizi na tangi linaloisha upesi. Baadhi ya watengenezaji wa injini huuza jeti ndogo ya kabureta kwa ajili ya maeneo yaliyo juu ya mita 1,500. Jeti hiyo hupunguza moshi na ulaji wa petroli, lakini hairejeshi nguvu zote zilizopotea.

Anayeibadilisha jeti asisahau kuirejesha ya kwanza endapo jenereta itauzwa au kupelekwa pwani. Jeti ya mlimani ikitumiwa bondeni huinyima injini petroli, nayo hupata joto la kupindukia na kuharibika.

Jenereta za dizeli zenye tabo hupoteza nguvu kidogo kwa sababu tabo huishindilia hewa ndani ya injini. Lakini hizo ni kubwa na bei yake ni ya juu, na wengi wanaofanya kazi peke yao hawazihitaji.

Kulinganisha jenereta na kazi

Ili kuepuka hasara, fundi anapaswa kujiuliza maswali mawili, si moja. Je, kilowati zitakazobaki baada ya kupunguza za mwinuko zinatosha injini? Je, kVA za altaneta zinatosha mkondo utakaovutwa? Majibu yote mawili yawe ndiyo, na pawe na akiba ya angalau robo, kwa kuwa rodi inapogusa chuma au kunata mkondo huruka ghafla.

Tuchukue jenereta ndogo ambayo kiwango chake cha kudumu ni kilowati 2.8. Ikiwa Nyeri itatoa takriban kilowati 2.2. Haiwezi kubeba rodi ya milimita 2.5 kwa ampea 80, kwani kilowati hazitoshi na kVA hazitoshi. Inaweza kuchoma rodi ya milimita 2.0 kwa ampea zisizozidi 60, kwa kazi za mabati mazito na vyuma vyembamba, tena bila akiba kubwa.

Jenereta ya kVA 5 itachoma rodi ya milimita 2.5 pasipo taabu kwa inverta, hata ikiwa Nanyuki. Kwa rodi ya milimita 3.2 itakuwa imefika mwisho wake, na haifai kutegemewa kwa kazi ya kutwa.

Anayetaka kuchoma rodi ya milimita 3.2 kila siku kwa inverta atafute jenereta ya kVA 7 hadi 8. Mwenye mashine ya transfoma asishuke chini ya kVA 9 kwa kazi hiyo hiyo. Mara nyingi ni nafuu kununua inverta nzuri kuliko kununua jenereta kubwa ya kuilisha transfoma kuukuu.

Vilevile, jenereta iwe na kidhibiti volti cha elektroniki. Zile zinazotegemea kapasita peke yake hushusha volti mzigo unapoingia na kuzirusha juu mzigo unapotoka. Inverta nyingi hustahimili mabadiliko ya takriban asilimia 15 tu, yaani kati ya volti 195 na 265 hivi. Zikizidi hapo, kapasita zilizo ndani ya mashine huweza kupasuka.

Mnunuzi wa jenereta iliyokwisha kutumika asikubali kuonyeshwa taa moja ikiwaka. Aende na mita ya volti pamoja na hita au birika za umeme ambazo wati zake zinajulikana. Jenereta ya kVA 5 mjini Nyeri inapaswa kubeba birika mbili za wati 2,000 bila kuzima, na volti zisalie juu ya 220. Ikishindwa na birika, haitaweza lango.

Waya mrefu ni mwizi

Fundi huitenga jenereta mbali na kazi kwa sababu ya kelele na moshi, jambo ambalo ni jema. Lakini waya mwembamba huiba volti njiani.

Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30, ukipitisha ampea 20, hupoteza zaidi ya volti 14. Wa milimita mraba 2.5 hupoteza takriban volti 9. Kwa jenereta ambayo tayari imelemewa, tofauti hiyo hutosha kuufanya moto ufe kila rodi inapoinuliwa. Aidha, waya huo ukunjuliwe wote. Ukiachwa umejiviringisha, joto hujikusanya ndani na mpira wake huyeyuka.

Inapowezekana, waya wa jenereta uwe mfupi na ule mnene wa rodi ndio urefushwe.

Utaratibu wa kazi

Injini iwashwe kwanza bila mzigo wowote, ikae dakika tatu hadi tano ipate joto, hasa asubuhi za Julai ambapo baridi ya Nyeri ni kali. Ndipo mashine ya kuchomelea iunganishwe na kuwashwa, ikiwa imewekwa ampea za chini. Ampea zipandishwe hatua kwa hatua hadi rodi iyeyuke vizuri.

Sikio la fundi ni kipimo kizuri. Jenereta nyingi za petroli huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa umeme wa hezi 50. Ni kawaida mngurumo kushuka kidogo rodi inapogusa chuma kisha kupanda tena. Ukishuka na kusalia chini, jenereta imelemewa, na ampea zipunguzwe mara moja.

Mashine ya kukata na kusugua chuma isitumiwe wakati mmoja na ya kuchomelea. Ile kubwa huvuta karibu kilowati 2 peke yake. Vipande vyote vikatwe kwanza, kisha vichomelewe.

Mashine nayo ipumzishwe. Iliyoandikwa asilimia 60 kwa ampea 120 ina maana kwamba katika kila dakika 10 inapaswa kuchoma kwa dakika 6 tu. Kazi ikiisha, mashine izimwe kwanza, jenereta iachwe izunguke dakika mbili ipoe, ndipo nayo izimwe.

Hatari zinazoua

Moshi wa jenereta una hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Humlegeza mtu, humpa maumivu ya kichwa na usingizi, kisha humuua. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huwashawishi mafundi kuingiza jenereta ndani ya kibanda cha mabati. Kufungua mlango au dirisha hakutoshi. Jenereta ikae nje, mita kadhaa kutoka kwa nyumba, moshi ukielekea upande usio na watu, na ifunikwe kwa paa dogo lililo wazi pande zote.

Hatari ya pili humkabili mtu ambaye fundi hamwoni. Wapo wanaoichomeka jenereta kwenye soketi ya karakana ili umeme uenee katika nyaya zote. Umeme huo huweza kurudi hadi kwenye transfoma ya mtaani, ambayo huupandisha kutoka volti 240 hadi 11,000 au zaidi. Mfanyakazi wa Kenya Power aliyepanda mlingoti akiamini waya umekufa huuawa papo hapo. Anayetaka kuunganisha jenereta na nyaya za jengo amwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, amwekee swichi ya kubadilisha inayotenganisha kabisa umeme wa jenereta na ule wa kampuni.

Tatu ni petroli. Cheche za kuchomelea huruka mbali, na kitako cha jenereta si mahali pa kuweka mtungi wa mafuta. Injini izimwe na ipoe kabla ya kuongezwa petroli, hata kama mteja amesimama akitazama saa.

Nne ni maji. Fundi asichomelee akiwa amesimama kwenye matope au kuvaa glavu zilizolowa. Soketi za jenereta zikauke, na swichi ya kukata umeme unapovuja iwepo na ijaribiwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwenye karakana kuwalinda wafanyakazi wake, wakiwemo vijana wanaojifunza kazi.

Gharama na bei ya kazi

Injini ndogo ya petroli huchoma takriban nusu lita ili kuzalisha uniti moja ya umeme. EPRA hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na Nyeri ni miongoni mwa miji inayotajwa. Fundi akichukua nusu ya bei ya lita na kuilinganisha na bei ya uniti kwenye tokeni zake, ataona kwamba umeme wa jenereta humgharimu mara kadhaa zaidi.

Kadhalika, jenereta hula petroli hata wakati fundi anapima, anapiga rula au anazungumza na mteja. Kwa hivyo kupima na kupanga vipande kumalizike kabla ya kamba kuvutwa.

Gharama hiyo haina budi kuingizwa katika bei ya kazi, pamoja na mafuta ya injini, plagi na uchakavu wa jenereta yenyewe. Fundi anayetoza kazi ya shambani bei ile ile ya karakanani anamfanyia mteja kazi kwa petroli yake mwenyewe.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Jenereta ya bei ya chini isiyotosha kazi humgharimu fundi mara mbili: anapoinunua, na inapoungua katikati ya kazi ya mtu. Hesabu ya robo saa, kwa kalamu na karatasi, huweza kumwepushia hasara hiyo.